Mwalimu wa Kitenzi Kimoja

Walisema sitafika darasa la nane. Mjomba wangu alisema mabega yangu yameumbwa kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, basi, hakuna kingine. Jirani wetu wa juu alisema nikienda ng'ambo nitarudi na sanduku tupu na kikohozi. Mwenye karakana kule Karatina, siku ya kwanza nilipogusa mashine yake ya kukereza vyuma, alisema nitapoteza vidole viwili kabla ya Krismasi. Vidole vyangu ninavyo, vyote kumi. Karakana pia ninayo, hapa Naro Moru, kando ya barabara ya Nanyuki, yenye mashine tatu na bango ambalo hata dereva anayekimbia hulisoma. Diploma yangu nimeitundika juu ya benchi ndani ya fremu ya kioo, na kila Jumatatu naifuta vumbi la chuma mwenyewe, simwachii mtu.

Lakini hao wote walisema tu. Aliyetenda ni mmoja, na ndiye ninayemwandika hapa. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza na mwalimu wa darasa letu la saba. Jina lake nalijua vizuri, ila sitaliandika. Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa namba za rejista, na mimi nilikuwa Ishirini na Saba.

Alikuwa mrefu, mtu wa magharibi mwa nchi, aliyeletwa kwetu na serikali na ambaye hakuizoea baridi ya mlima hata siku moja. Koti alilokuwa nalo lilikuwa jembamba la kijivu, na asubuhi alifundisha mikono ikiwa kwapani, akiitoa moja tu kuandika kisha akiirudisha upesi. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko kwa sababu alifutia ubao. Aliogopa ng'ombe. Tukimkuta njiani na ng'ombe wetu alipanda ukingoni na kusimama huko kama mtu anayesubiri mafuriko yapite.

"Mwalimu, hii haiumi!" tulimwambia.

"Najua haiumi. Iondoeni."

Jumapili kanisani aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, mpaka mabati yakatetemeka. Alifumba macho, uso ukalainika, na mtu asiyemjua angesema hapa kuna mtakatifu. Jumatatu mtu yuleyule alisimama mlangoni na kipande cha mpira wa maji mkononi, akingoja waliochelewa. Mama zetu walimsifu kwa sauti. Migongo yetu ilikuwa na maoni mengine.

Alikuwa na msemo wake ambao aliurudia hadi tukauota: "Neno usiloweza kulionyesha kwa mkono, hulijui." Vitenzi vya Kiingereza alivileta darasani kama vyombo vya jikoni. "Pour" ilikuja na birika. "Fold" ilikuja na blanketi lake mwenyewe, lenye tundu. Lakini kitenzi alichokipenda kuliko vyote, kile kilichotukalia kichwani wiki mbili nzima huku shule jirani zikifungua kurasa mpya, kilikuwa "rotate".

Alikuja siku hiyo na kiazi kikubwa na spoku ya baiskeli. Akapitisha spoku katikati ya kiazi, akakiinua juu ya vichwa vyetu na kukizungusha polepole kwa vidole viwili.

"Rotate," alisema.

"Rotate!" tukajibu.

Kisha akaanza kuizunguka meza yake akiwa ameshika kiazi kilekile. "Na hii?"

"Rotate!"

"Hapana! Hii ni revolve. Kiazi kikijizungusha papo hapo, rotate. Kikizunguka meza, revolve. Dunia inafanya yote mawili kwa wakati mmoja na haichanganyikiwi. Semeni."

"Revorve!" tukasema, sisi watoto wa milimani, naye akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kiazi hakikumtosha. Alitutuma nyumbani, kila mmoja alete matumizi ya kitenzi hicho kutoka kwao, si kutoka kitabuni. Msichana ambaye baba yake alikuwa askari wa hoteli ya wageni alisema baba na mwenzake wana-"rotate", mmoja usiku, mmoja mchana. Mvulana wa fundi wa magurudumu alisema wao huyahamisha magurudumu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, ili yaishe pamoja, na kwamba baba yake huita hiyo "rotation". Mwalimu hakumwamini. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe mpaka kwa fundi, akauliza, akarudi asubuhi na daftari lake dogo jeusi ameliandika. Mwingine akasema chama cha mama yake kina mwenyekiti wa ku-"rotate" kila Januari.

"Mwenyekiti anazungushwa kama kiazi?" akauliza Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu. Akikaa sana anakuwa mkubwa kuliko chama."

Tulicheka, naye akacheka, na hilo pia likaingia kwenye daftari.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kusema kwamba mama yangu ana-"rotate" shamba. Mwaka huu viazi, mwaka ujao maharagwe, halafu kipande kinapumzika na ng'ombe wanakilalia.

"Ishirini na Saba, nani alikufundisha hiyo?"

"Mama."

"Mama yako amesoma?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi anakijua kitenzi hiki kuliko mimi." Akaandika sentensi yangu ubaoni, akachora mstari chini yake, na kwa wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kuifuta. Katika miaka yangu yote chini yake, hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa. Nimefanya kazi na wakubwa wa nchi tatu, nimepewa vyeti mbele ya watu waliopiga makofi, na bado naikumbuka sentensi ile ubaoni kuliko vyote. Hilo linaniudhi.

Mwalimu mkuu alikuja kulalamika dirishani. "Mwalimu, silabasi iko nyuma."

"Itangoja," alijibu bila kugeuka.

Kwa hiyo mtu asiniambie alikuwa mwalimu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alitembea na msichana mmoja wa darasa letu mpaka kliniki ya macho Nanyuki, kwenda na kurudi, kwa sababu aligundua kwamba hakuwa mjinga, hakuona ubao tu. Na wiki hiyohiyo alinichapa mimi kwa kuchelewa, nami nilikuwa nimechelewa kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa akizaa. Nilimweleza. Alisema ng'ombe huzaa bila msaada wa darasa la saba.

Kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho arudi kwao. Tulijua kwa sababu alimtuma mmoja wetu posta. Kila mwaka jibu lilikuwa hapana, au halikuja. Miaka ilipita, walimu wengine wakaja na kwenda, askari polisi wakabadilishwa, mwalimu mkuu akabadilishwa, yeye akabaki. Barua ya kumruhusu ilikuja hatimaye, nasikia, mwaka mmoja kabla hajastaafu. Aliikataa. Alinunua nusu eka hapahapa, mwendo mfupi kutoka shuleni, akaanza kufuga ng'ombe watatu. Yule aliyekuwa akipanda ukingoni! Sijawahi kupata mtu wa kunieleza jambo hilo.

Sasa niandike kuhusu orodha.

Msomaji wa mbali huenda hajui desturi hii, kwa hiyo nitaisema wazi. Shule za huku zilipimwa kwa wastani wa alama za darasa la nane. Mtoto dhaifu akiufanya mtihani, wastani unashuka. Kwa hiyo mwisho wa darasa la saba majina ya watakaopanda yalisomwa kwenye paredi ya asubuhi, na asiyesomwa alirudia darasa. Hakufukuzwa mtu. Uliambiwa tu urudie. Wazazi walikuwa wamezoea jambo hili kama walivyozoea baridi.

Mwaka wa kwanza sikusomwa, na nilistahili. Mimi ni mtu wa haki, nakubali. Mwaka wa pili nilikuwa nimesoma kwa taa ya koroboi hadi nyusi zikaungua. Alama zangu zilipanda. Nafasi zilikuwa thelathini na moja, na kwenye nafasi ya mwisho tulilingana alama wawili, mimi na mvulana mmoja wa upande wa mtoni. Kuchagua kati yetu aliachiwa mwalimu wa darasa. Alisoma majina thelathini na moja kwa sauti yake ile ya kanisani. Langu halikuwemo.

"Ishirini na Saba," aliniambia nilipobaki nimesimama, "utazunguka tena mwaka mmoja." Wenzangu wakacheka. Hakuwanyamazisha.

Kesho yake Mama alikwenda shuleni. Aliosha gambuti zake za mpira mtoni kwanza. Tulisimama nje ya ofisi ya walimu tangu paredi mpaka wakati wa chakula cha mchana, mimi kando yake, watoto wakipita wakitutazama. Mwisho Mwalimu alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mama, ni mwaka mmoja tu."

"Mwarimu, huyu mtoto ameshindwa na nini?"

"Ni wastani wa shule, mama."

"Basi niitie huyo mwenye wastani niongee na yeye."

"Mama, huwezi kuelewa," alisema, akarudi ndani. Chai haikumwagika hata tone. Mama alinitangulia mpaka tukavuka daraja. Hapo akasema, "Usirudi huko." Sikurudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Niliyoyafanya baadaye nitayasema kwa ufupi, ingawa mtu mwingine angeyaandikia kitabu. Nilibeba mizigo mlimani misimu miwili. Nilifagia vumbi la chuma katika karakana ya Karatina mpaka mwenyewe akachoka kunifukuza karibu na mashine. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza chuma kinachozunguka kweli, kigumu kama uadui, kikichongwa na kisu kisichosogea, utepe wa chuma ukitoka ukiwa wa buluu kwa joto. Nilikielewa siku hiyohiyo. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka ishirini na miwili, mtahiniwa wa nje, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, watoto wakiniita Baba. Nikafanya mitihani ya ufundi ya serikali, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Nikasoma diploma mchana nikifanya kazi jioni. Nikaenda Ghuba, kule Uarabuni, miaka minane, nikakereza shafti, zile fito za chuma zinazozungusha pampu, ambazo zikikosea unene wa unywele, kiwanda kinasimama. Zangu hazikukosea. Nikarudi. Ningeweza kufungua karakana Nyeri mjini, palipo na wateja wengi. Niliifungua Naro Moru makusudi, mahali ambapo wote waliosema wangepita na kuiona.

Yeye alipita miaka miwili upande wa pili wa barabara. Nilimwona kila wiki, mzee sasa, ameinama, akiwa na koti jingine lakini la kijivu vilevile. Hakuangalia bango. Mtu anayesoma kila kitu, hata maandishi ya gunia la mbolea, hakuangalia bango langu.

Mwezi uliopita alivuka. Alikuja na gunia begani, akalishusha sakafuni, akatoa shafti iliyokatika ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Mimi ni injinia, Mwalimu."

Akainua macho ukutani, akaisoma diploma yote, mpaka saini. "Diploma si digrii," alisema. "Lakini imeandikwa vizuri."

Niliichukua shafti. Nilifunga kipande kipya cha chuma kwenye mashine nikaiwasha, naye akasogea, mikono kwapani, akatazama. Alitazama muda mrefu bila kupepesa. Kisha mdomo wake ukasogea, na ingawa mashine ilipiga kelele nilijua neno alilolisema. Niliizima.

"Mwalimu, unanikumbuka?"

"Ishirini na Saba."

"Kwa nini hukunisoma?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. Hilo nampa. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya boksi la vyuma.

"Mlikuwa wawili, alama sawa," alisema. "Yule mwingine mama yake alikuwa amekufa mwezi wa nane. Nilijua nikimrudisha atavunjika. Wewe hukuwahi kulia, hata nikikuchapa. Nikasema huyu ana mgongo, huyu atabeba."

"Na nikabeba."

"Ulibeba. Nilisikia ulikuwa unabeba mizigo mlimani." Akatazama mashine. "Yule mwingine hakufikisha hata nusu ya alama. Matokeo yalipokuja Disemba ya mwaka uliofuata nikaona. Mtihani ule wewe ungeupita. Nilichagua vibaya."

"Ulijua tangu Disemba ile?"

"Tangu Disemba ile."

"Na kwetu ni mwendo wa nusu saa."

"Ningemwambia nini mama yako?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimeyasema peke yangu Ghuba, ndani ya chumba cha watu sita, kwa sauti ya chini. Yote yaliondoka. Nilimwambia kitu kimoja tu: "Hiyo uliyoniambia mimi, kamwambie yeye. Sasa hivi. Shafti yako haitoki hapa kabla hujamwambia."

"Unanilazimisha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alipanda pikapu. Njiani, tulipopita viazi vya jirani, alisema vimepandwa karibukaribu mno. Nilimtazama na nikaona kwamba anaogopa, na nilifurahi. Naandika ukweli.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, akichagua mbegu za viazi, vikubwa huku, vidogo huku. Alimtambua kabla hajasimama vizuri.

"Mama, nimekuletea mgeni."

"Namuona."

Mwalimu alivua kofia. Akasema yote, amesimama, kama mtoto anayesoma insha: kuhusu nafasi thelathini na moja, kuhusu wale wawili, kuhusu Disemba. Hakujitetea. Neno "nilikosea" alilisema mara mbili, ili lisikike vizuri. Mikono ya Mama haikuacha kuchagua viazi. Nilimtazama uso nikingoja, na nadhani nilitaka alie, au amtukane, au amwambie kuhusu mashine zangu tatu.

Alipomaliza, Mama akauliza, "Mwarimu, umekuja na miguu yako, ama umeletwa?"

Angeweza kusema lolote. Alisema, "Nimeletwa, mama."

"Basi enda. Siku ile utakuja mwenyewe, tutaongea."

"Mama!" nikasema. "Ameshasema!"

"Amekuambia wewe. Mimi sijamuona bado."

Aliweka kofia kichwani. Nilimfungulia mlango wa pikapu akaupita kana kwamba haupo. Alishuka njia ya nyumba polepole, akatoka langoni, akalifunga nyuma yake kwa makini, akapotea nyuma ya ua wa miti. Niliona kofia yake juu ya ua, ikienda kuelekea barabarani. Kisha ikasimama. Ikageuka.

"Hodi!" Ilikuwa ile sauti nzito ya chini.

Mama akachukua kiazi kingine, akakisugua udongo kwa kidole gumba, akatazama macho ya kiazi kama yanachipua.

"Mama, anapiga hodi."

"Nimesikia. Kaa chini."

"Nimfungulie?"

"Ako kwa lango yangu, si yako. Kaa."

"Hodi hapa!"

Nikakaa juu ya gunia. Kiazi kilikuwa kizuri, akakiweka upande wa mbegu, akachukua kingine. Kule langoni hakuna kilichosogea. Hakutikisa komeo, hakuita jina la mtu. Alingoja.

Alipopiga ya tatu, Mama alijipangusa mikono kwa leso yake, mmoja, kisha mwingine, akasimama akishika kiuno, akaanza kutembea kuelekea langoni, bila haraka.